Mwambie Babu Yako

Wenzangu mnaobaki kazini, siku ya kuniaga mliniomba niseme neno. Nilisema mawili nikaketi, kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto. Haya ndiyo yaliyobaki. Vyeo sitavitaja, vingi vilinipita bila hata kunisalimia. Mshahara nao tuuache, kila aliyeupokea anajua ulikuwa ukifika umeshachoka. Nitaandika juu ya akina mama na watoto wao wachanga, na zaidi juu ya Goreti wa upande wa Kobero, kule mpakani, ambaye walitaka kumtenganisha na mtoto wake kwa kosa la kuzungumza naye.

Mimi ni mtoto wa Nyamugari, hapa Gitega. Baba alikuwa fundi cherehani, mama alikaanga maandazi mbele ya nyumba, na sisi tuliongea Kiswahili kabla ya kujua kwamba shuleni kitatuletea kuchekwa. Kazi niliianzia wodi ya wazazi, msaidizi wa kubeba mabeseni. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Mkunga mkubwa, Mama Rukiya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya soko, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Bon. Koti iko safi. Sasa we iko tayari kuichafua?"

Asubuhi hiyo kulikuwa na mama kijana aliyejifungua salama. Mtoto alikuwa mzima, ndugu walikuwa wamejaa wodini wakicheka na kumwambia ashukuru Mungu. Mama mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta. Mama Rukiya aliwatoa watu wote nje, kisha akaniita nirudi nishike beseni. Akaketi pale kitandani, akauliza, "Umekula?" Akachukua vitambaa vya mtoto akaanza kuvikunja kimoja kimoja, polepole, kama mtu asiye na shughuli nyingine duniani, na vichache akampa yule mama naye akunje. Vilipokaribia kwisha, yule mama akasema kwa sauti ndogo, "Uyu mutoto mi simupendi. Niko na nini?"

Nilidhani Mama Rukiya atamkemea. Alisema tu, "Uko na ugonjwa. Unapona. Kunja ile ingine."

Huo ndio ufundi wangu wote. Mengine ni semina. Mtu mwenye huzuni ukimkazia macho atakwambia hajambo. Mpe kitu mkononi, nawe ushike chako, kisha ngoja. Ndiyo maana baadaye, nilipofundishwa rasmi kazi ya kuwasaidia akina mama walioelemewa na mawazo, sikuwahi kukubali kiti. Mwenyeji akinitolea kiti nilimshukuru, nikakaa kwenye mkeka na kuvuta ungo wa maharage. Nimechambua maharage ya nchi hii kiasi kwamba mawe yake nayafahamu.

Vifaa vyangu viliingia kwenye kikapu kimoja. Chupa ndogo ya plastiki yenye kokoto ndani, ya kumchezeshea mtoto. Kipande cha kioo kilichozungushiwa kitambaa, ajione. Mpira wa majani makavu ya mgomba. Tulikuwa pia na karatasi ya maswali kutoka ofisini, na sitaidharau, ilitusaidia kutosahau. Lakini kuna swali lililouliza kama mama bado anaweza kucheka kama zamani, na mama mmoja wa mtaa wa Yoba, hapa Gitega, miezi ile petroli ilipoadimika, alinijibu, "Nacheka nini, madamu? Petroli imepatikana?" Nikaandika kwamba anaweza.

Yoba hiyohiyo palikuwa na mwingine ambaye sitamsahau. Tulifika mlangoni tukaambiwa amelala. Tuliporudi kesho yake nyumba ilikuwa imefungwa, wamemhamishia kwa watu tusiowajua, na mpaka leo sijasikia habari yake wala ya mtoto. Lile neno "amelala" lilinikaa kooni. Tangu siku hiyo nikiambiwa mama amelala nilisema, "Sawa, nitamngoja aamke," nikatandika mkeka. Niliitwa king'ang'anizi. Nimeitwa mabaya zaidi ya hayo.

Kisha nikapelekwa Muyinga. Huko kazi ilikuwa vilimani, kwa miguu au nyuma ya baiskeli, na tuliitegemea sana mikono ya wale wahudumu wa kujitolea wa kila kilima, wanaoitwa abaremeshakiyago. Jina hilo la Kirundi maana yake ni watu wanaochangamsha mazungumzo, na kwa kazi yetu sijaona jina lililowahi kufaa zaidi. Wa kilima kimoja karibu na mpaka wa Kobero alikuwa Pasikali, mkulima mrefu asiyependa haraka. Ndiye aliyenipeleka kwa Goreti.

Goreti alikulia Tanzania, kambini, akarudi na watu wengine waliorudi. Aliolewa na Yohani, mbebaji wa mizigo pale Kobero, anayetoka alfajiri kupakua malori na kurudi jioni akiwa hana hata nguvu ya kuvua viatu. Waliishi kwenye boma la wazazi wa Yohani. Wazazi wa Goreti walibaki ng'ambo, upande wa Kabanga. Nilimkuta ameketi mlangoni, nywele hazijachanwa, binti yake Kaneza amelala mapajani macho wazi. Mtoto alikuwa na uzito wa kutosha. Lakini nilipotikisa chupa ya kokoto hakugeuka. Nilipomsogezea uso hakutabasamu, na umri wa kutabasamu alikuwa ameshaupita. Masikio yake yalipimwa hospitalini, yalikuwa mazima. Alikuwa mtoto aliyezoea kwamba hakuna anayemwita.

Ilituchukua ziara kadhaa na maharage mengi mpaka Goreti akafungua mdomo. Alisema, "Mama, nyumba hii sina wa kuzungumza naye. Mume wangu akirudi amechoka. Mama mkwe ananiambia fanya hiki, fanya kile. Baba mkwe, unajua mwenyewe."

Nilijua. Katika boma kama lile mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala hasimami mbele yake kujieleza. Akiwa na neno hulipitisha kwa mumewe au kwa mama mkwe. Ni heshima, na imetunza amani ya nyumba nyingi. Ila kwa mtu anayezama, ni ukuta mwingine.

Tulimpeleka hospitali ya Muyinga, akapewa dawa na siku za kurudi. Na kwa ajili ya mtoto nikamfundisha lile tulilowafundisha wote: sema naye. Aliniuliza, "Nimwambie nini? Hata meno hana."

"Mwambie unachofanya. Unamenya ndizi, mwambie, 'Kaneza, namenya ndizi.' Akitoa sauti, nyamaza kidogo, umpe zamu yake, halafu umjibu."

Alinitazama kama mtu aliyeagizwa kuchota maji kwa pakacha. Lakini alijaribu. Mwanzoni zilikuwa ndizi na maji na kuni. Baadaye maneno yakapata njia. Alimsimulia Kaneza kambi ilivyokuwa, alimsimulia bibi yake wa Kabanga, alimwambia alivyoogopa siku ya kujifungua. Akaanza kula. Akachana nywele. Siku moja nikatikisa chupa na Kaneza akageuka taratibu, akaniangalia kama ofisa wa forodha anayeangalia mzigo asiouamini. Nilishuka kile kilima nikiimba, na mimi sauti yangu si ya kuimbia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sote tulimfundisha mama kusema, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia wanaomsikia. Wiki chache baadaye Pasikali alinipigia simu. "Madamu, kuja. Banasema Goreti amesara." Kusara ni kuwa kichaa. Mama mkwe alikuwa amemkuta katikati ya shamba la maharage, peke yake, mtoto mgongoni, akiongea na kunyamaza, akiongea na kucheka. Mtu ambaye miezi mizima hakuwasemesha watu, leo anajibizana na hewa. Uamuzi ulikuwa umeshaanza kupikwa: maharage yakivunwa, wazee wa ukoo watakaa. Goreti atavushwa Kobero arudi kwao, na Kaneza, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba, atabaki na bibi yake.

Mkuu wangu wa wakati huo aliniambia hayo ni mambo ya familia, nasi tuna mpango wa kazi. Nilimwambia nimemwelewa, nikapanda baiskeli ya kukodi. Kumwelewa mtu si lazima kumtii.

Mama mkwe, ambaye wote walimwita Mama Yohani, alinipokea kwa ubaridi. Nilivuta ungo. Tulichambua muda mrefu kabla hajasema.

"Madamu, mi nimezaa watoto munane. Hakuna hata moja nilimusemesha mbele ya kuota meno, na bote banasema. Uyu wa Yohani iko anasema na mutoto muchana yote. Nani anamujibu?"

"Mtoto anamjibu, mama."

"Ah! We nawe!" Akatupa jiwe la maharage mbali kuliko ilivyohitajika. Kisha sauti ikashuka. "Sikiya. Tulikuwa na jirani hapa chini. Akili ilipotea, akaacha kichanga mu shamba, mvua inanyesha. Tulikikuta asubui. Mi ndiye nilikibeba. Lakini haikuwa tena mutoto. Unataka nibebe na uyu?"

Nilikuwa nimekuja kupigana na mwanamke mkorofi, nikamkuta mwanamke mwenye hofu. Nilimwambia naelewa, na safari hii nilikuwa namaanisha. Nikamwambia dalili za hatari ninazijua, nikamtajia moja moja, nikamwomba naye awe macho yangu pale nyumbani. Hakukubali wala hakukataa.

Jioni ilikuwa inaingia nilipopita zizini. Mzee Bukuru, baba mkwe, alikuwa anakamua ng'ombe wake, Gitare, mweupe mwenye pembe ndefu. Alikuwa anazungumza naye. Anamsifu, anamtaja mama yake na bibi yake, anamwomba asimame vizuri, anamwambia mvua imechelewa. Nilisimama nikasikiliza mpaka aliponiona.

"Mzee," nikasema, "Gitare iko anajibu?"

"Anajibu na maziwa."

"Na usipomwambia kitu?"

"Anabana." Akaendelea kukamua. Kisha mkono ukasimama, maana mzee huyu hakuwa mjinga. "Muganga, ng'ombe ni ng'ombe. Mutu ni mutu."

"Ndiyo maana nashangaa, mzee. Ng'ombe anasemeshwa, mtu hasemeshwi."

Hakucheka. Alichukua maziwa yake akaingia ndani. Nilirudi Muyinga nikijilaumu kwamba ulimi wangu siku moja utanifukuzisha.

Lakini sikuacha kwenda. Ziara iliyofuata nilimwomba Mzee Bukuru ruhusa ya kuvunja adabu. Kwetu anayeingia humsalimia mkubwa kwanza. Nikamwomba aniruhusu nianze na mdogo kuliko wote. Alidhani ni mzaha, akapunga mkono. Basi nikainama mbele ya Kaneza nikasema, "Amahoro, Kaneza," yaani amani kwako, nikangoja. Mtoto akatoa sauti. Nikamshukuru, ndipo nikawageukia wakubwa. Nikafanya hivyo kila nilipokuja. Pasikali akafuata. Watoto wa boma wakaona ni mchezo, wakawa kila wakipita lazima wamwamkie. Yohani naye, mtu wa maneno machache, nilimkuta jioni moja amejilaza mkekani na viatu vyake, anamwambia binti yake idadi ya malori aliyopakua. Nia yangu ilikuwa rahisi: boma zima likisema na mtoto, mama yake hatakuwa kichaa peke yake. Mama Yohani tu ndiye hakumsalimia. Alikuwa anatazama kwa pembe ya jicho, nami nilimwacha atazame.

Maharage yakavunwa. Wazee wa ukoo wakaja, wakaketi uani kwenye viti vifupi, mtungi wa pombe ya ndizi katikati na mrija wake. Niliruhusiwa kukaa mkekani upande wa wanawake kwa sharti la kufunga mdomo. Wale wanaonijua wanajua hiyo ilikuwa adhabu gani. Goreti alikaa karibu nami, Kaneza mapajani.

Ami mkubwa wa Yohani alianza. Alisema kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko makelele. Hakuna anayemchukia mke wa Yohani, alisema, ila ugonjwa wa akili hauchezewi, na mtoto ni mtoto wa ukoo. Aende kwao apumzike. Mtoto abaki. Wengine wakaitikia. Yohani akaulizwa ana neno gani. Alifungua mdomo, akaangalia miguu yake, akasema, "Mi... mi sijue." Mtu anayebeba magunia ya lori zima, neno moja lilimshinda. Nilitaka kusimama. Niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi.

Ndipo Goreti akamwinua Kaneza, akamsimamisha mapajani wakatazamana, akasema, si kwa nguvu, lakini uani pote palisikika.

"Kaneza, mwanangu. Mwambie babu yako kwamba mama yako si kichaa."

Mtu mmoja akaguna. Ami akasema, "Munaona? Ndiyo ile yenye tunasema!" Mzee Bukuru akainua kiganja, na ami akanyamaza.

"Mwambie babu yako nilikuwa mgonjwa. Ulipozaliwa nilikuwa nimezama, sikukuona. Mwambie nilianza kusema na wewe kwa sababu ndani ya nyumba hii hapakuwa na mwingine ninayeruhusiwa kumwambia. Yeye siwezi, kwa heshima yake. Mwambie wewe ndiye uliyenitoa, kila uliponijibu nilipanda kidogo. Mwambie dawa nakunywa, shamba nalima, ugali wake naupika. Na mwambie wakinivusha Kobero bila wewe, nitavuka mwili tu. Mwambie namwomba, mwanangu. Mimi sina ruhusa ya kumwomba, wewe unayo."

Kaneza alikuwa amemkazia macho mama yake. Aliponyamaza, mtoto alifanya kama alivyozoea: alichukua zamu yake. Akatoa sauti ndefu, yenye kupanda na kushuka, kisha akatulia akingoja jibu. Nililia, sitaficha. Pasikali alikuwa anaangalia mgomba kwa makini sana.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mzee Bukuru alikuwa mzazi wa wanane. Halafu akajiinua kutoka kwenye kiti chake, akaja mpaka ukingoni mwa mkeka, akainama. Goreti hakumtazama, aliteremsha macho kama inavyopasa. Mzee naye hakumtazama. Alimtazama mtoto.

"Amahoro, Kaneza."

Kaneza akamjibu.

"Asante. Sasa ambia mama yako asifunge muzigo. Ambia mama yako ameshafika kwake." Akakohoa. "Na umuambie tena: akiwa na neno ya kuniambia, akutume. Lakini aseme nguvu. Mi masikio yangu imezeeka."

Akarudi kitini, akavuta mrija. Baraza likawa limekwisha, na wazee walijikuta wanazungumzia mvua.

Sitaki mfikiri kila kilima kina Mzee Bukuru. Goreti mwenyewe hakuamka kesho yake akiwa mzima. Alipanda na kushuka, alirudi hospitali, kulikuwa na wiki mbaya. Lakini alishuka akiwa na watu wa kumshika. Na sisi tangu hapo hatukumfundisha tena mama peke yake. Tulianza na wenye nyumba, na tulianza kwa salamu. Mkiniuliza nimeacha nini Muyinga, nimeacha hiyo.

Kabla ya kurudi Gitega nilikwenda kuaga. Kaneza yuko shule sasa, na kwa kweli hanyamazi. Mzee Bukuru anamtuma kupeleka maneno kwa mama yake hata wakiwa wameketi hatua chache, na majibu yanarudi njia ileile. Goreti alikuwa shambani na wanawake wengine. Tangu zamani ndiye anayefuatana na Pasikali kwa akina mama wanaoambiwa wamelala.

Mama Yohani nilikutana naye pale kwenye ua, amebeba mgongoni mtoto wa pili wa Goreti, bado mchanga. Nilikuwa na haraka, gari la Gitega lilikuwa linanisubiri mjini. Nikamshika mkono kwa mikono miwili, kama mkubwa wangu, nikamuuliza hali yake, mashamba, mzee. Aliuvuta mkono wake, akanikunjia uso.

"Madamu, umezeeka mpaka unasahau kazi yako? Na uyu mwenye iko mugongoni, we hapana muona?"

Akanigeuzia mgongo wake wote, akangoja.

Niliweka kikapu chini, nikainama, nikaanza upya.